Mwalimu Aliyewajulisha Wazazi Wote

Mwalimu wetu wa darasa la sita hakuweza kuwaona wazazi watatu wamesimama pamoja bila kuwapa habari. Iwe dukani, iwe shambani watu wakichuma kahawa, iwe msibani, alikohoa kidogo, akavuta soksi zake ndefu mpaka magotini, kisha akaanza: "Wapendwa wazazi, kuhusu darasa la sita..." Siku moja aliwasimamisha watu waliokuwa wamebeba jeneza. Walilishusha chini kwa heshima, wakasikiliza habari za bustani yetu ya kabichi, wakalibeba tena na kuendelea na safari ya makaburini.

Nilikaa mbele yake darasani mwaka mzima, kisha nikaishi jirani naye miaka mingi zaidi. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyewajulisha watu mambo mengi namna ile na kuwaacha bila kujua kitu.

Kwenye shule yetu ya misheni huku Mbozi, darasa la sita ndilo lililokuwa la mwisho. Aliyefaulu na kupata nafasi alipanda lori akaenda shule ya bweni, mbali, akarudi mtu mwingine. Aliyekosa alirudi kwenye jembe, au alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Rodesia. Kwa hiyo wazazi walitaka kujua jambo moja tu: mtoto wangu ataendelea au hataendelea? Mwalimu aliwajibu kila Jumapili, na jibu lilikuwa lilelile.

Ibada ikiisha, alikuwa wa kwanza kutoka. Alisimama kwenye ngazi ya kanisa, mkono mmoja juu, mwavuli kwenye mkono wa pili hata kama mbingu ni nyeupe. "Wazazi wa darasa la sita, msiondoke." Wakakaa kwenye majani. Habari ya kwanza ilimhusu yeye mwenyewe: jinsi mkaguzi alivyomshika mkono, jinsi Mchungaji mzungu alivyomwazima kitabu. Ya pili ilihusu nyimbo. Ya tatu bustani. Mwishoni kabisa aliwafikia watoto, mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja alipewa sentensi moja: "Yuko katika hali ya maendeleo."

Kiswahili chake kilikuwa cha juu, cha kupanda ngazi. Wazee wengi pale waliongea Kinyiha, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Waliinua vichwa, wakakubali. Ni mzee mmoja tu, baba yake mwenzangu Yohana, aliyewahi kuuliza. Alikuwa amepigana Burma na hakuogopa soksi.

"Mwalimu, hiyo hali ya maendeleo, ndiyo kusema anajua au hajui?"

"Maendeleo ni safari, mzee wangu."

"Safari naijua, nimekwenda mpaka Burma. Nauliza amefika wapi."

"Yuko njiani."

"Basi hata mbuzi wangu yuko njiani," alisema baba Yohana, na wanawake walifunika midomo. Mwalimu aliandika kitu hewani kwa kidole, kama ambavyo alifanya kila alipoulizwa swali, akaenda kwa mtoto anayefuata.

Aliwatembelea wazazi majumbani pia. Kwa hilo alisifiwa mpaka Ibaba, kwamba kuna mwalimu huku anayeacha kitanda chake kwa ajili ya watoto wa watu. Kweli alikuja. Lakini alikuja msimu wa kuvuna, na alifika saa ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umekwisha kupanda. Viatu alivivulia bondeni, akavibeba mkononi mpaka nyuma ya migomba, akavivaa pale, akatokea mbele ya nyumba aking'aa kama mtu aliyeshushwa na gari. Sisi watoto tulikuwa tukimwona kutoka mbali. Jogoo nao, naamini, walimwona.

Mama yangu alimchinjia kuku mara moja. Wiki iliyofuata nilikuwa hodari wa hesabu, akasema hivyo mbele ya kanisa zima. Mama Yohana alimpa maharage matupu, na Yohana, aliyekuwa akinifanyia hizo hesabu, alibaki njiani. Mama yangu alifurahi sana. Baba alinitazama kwa muda mrefu, akanipa magunia mawili ya mahindi na kuniuliza watu sita watagawanaje. Nilitoka nje kwenda kumtafuta Yohana.

Halafu ilikuja Siku ya Wazazi. Wazazi waliingia darasani, wakakaa ukutani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na Mwalimu akatuuliza maswali. Kila mmoja wetu alikuwa na swali lake. Tulikuwa tumepewa tangu mvua za kwanza, tukalilea kama kifaranga. Langu lilikuwa: mto gani mrefu kuliko yote Afrika? Nilijibu kwa sauti iliyotikisa dirisha. Yohana alikuwa na saba mara nane. Tulipigiwa makofi mmoja baada ya mwingine, Mwalimu akijifuta jasho kwa leso iliyokunjwa vizuri.

Baba Yohana akasimama. "Mwalimu, tumefurahi. Sasa naomba hawa wawili wabadilishane. Huyu wa mto aulizwe saba mara nane, na mwanangu aulizwe mto."

Nilihisi masikio yangu yakiwaka.

"Mzee," Mwalimu alisema kwa upole, "hayo ni maswali ya darasa la saba."

Hatukuwa na darasa la saba. Wazazi walipiga makofi.

Kwa kuwa namchora mtu, niseme na yale yasiyompunguza. Hakupiga. Walimu wa wakati ule walishika fimbo kama wachungaji wa ng'ombe, yeye alishika mwavuli, na hata huo hakumgusa nao mtoto. Aliijua hesabu vizuri mno. Alipokuwa peke yake darasani, akidhani hatumwoni, alijaza ubao kwa mafumbo ya namba na kuyafungua moja baada ya jingine akitabasamu. Alijua kuimbisha. Mwenzetu mmoja alipoanguka kwa homa, alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akavuka mto viatu miguuni, na jambo hilo hakulitangaza popote. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa la kweli, na la kweli halikuhitaji ngazi ya kanisa.

Lakini nisimwonee huruma mapema. Kuna habari ya wakwe zake.

Mwalimu alikuwa mtu wa Chitete, Mnamwanga kwa kabila, akaoa kwetu. Mkewe alikuwa binti wa mama mjane aliyekaa chini ya shule, hatua chache kutoka kisimani. Mama huyo alibakiwa na mtoto mmoja nyumbani, kitinda mimba wake, Rebeka, na Rebeka alikuwa darasa moja na mimi. Wasichana tulikuwa nao wawili tu. Yule mwenzake aliolewa katikati ya mwaka, akabaki yeye, na alikuwa mbele yetu sote, hata mbele ya Yohana. Alipopewa swali lake la Siku ya Wazazi alilijibu, kisha akajibu na ya wengine chini ya pumzi, kwa yeyote aliyekwama.

Sasa kwa desturi yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawakai chini ya paa moja ila la kanisa tu, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini akageuka mgongo. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo hukaa mpaka siku mkwe atakapoleta jembe jipya na blanketi, wakae na mashahidi, afunguliwe mdomo. Mwalimu aliahidi jembe hilo kila msimu wa kahawa. Kila msimu kahawa ilikuwa na kazi nyingine.

Wazee waliotuwekea desturi hiyo hawakuwa wajinga. Waliacha mlango. Mkwe akiwa na neno kwa mama mkwe, humtuma mkewe, au mtoto, au jirani. Na kama hakuna mtu, husimama nyuma ya nyumba na kuliambia neno lake kitu chochote kilichopo, mti, chungu, mnyama, kwa sauti ya kutosha kupita ukutani. Mama mkwe naye hukijibu kitu hichohicho.

Mwalimu alikuwa bingwa wa mlango huo. Mama mjane alikuwa na mbuzi mmoja, jike, mweusi, aliyefungwa nyuma ya jiko. Nimemsikia Mwalimu kwa masikio yangu akiongea na mbuzi yule.

"Ewe mbuzi, leo mwalimu amefundisha tangu asubuhi, na nyumbani kwake moto haujawashwa."

Kutoka ndani, baada ya muda: "Mbuzi, mwambie anayepita kwamba kwenye ungo pana ugali wa ulezi."

"Ewe mbuzi, na mboga?"

"Mbuzi huyu ana maswali," sauti ilijibu, na sahani ikatolewa mlangoni.

Alimwomba huyo mbuzi ugali, alimwomba ndizi, alimwomba hata kuazimwa shoka. Walielewana vizuri kuliko watu wengi waliooana.

Mwaka ule ulipokwisha, misheni ilitoa nafasi moja ya msichana kwenye shule ya bweni. Ikapewa Rebeka. Sharti lilikuwa moja: mzazi afike mwenyewe kwa Mchungaji siku ya Alhamisi, aseme kwa mdomo wake kwamba anaridhia na kwamba hatamwoza binti kabla hajamaliza. Mzazi asipofika, nafasi inakwenda misheni nyingine, na lori linapita Ijumaa.

Mwalimu alipewa kazi ya kumjulisha mzazi. Kazi hiyo, mtu angesema, ndiyo aliyozaliwa nayo.

Jumapili alisimama kwenye ngazi. Alianza na mkaguzi, akaja kwenye nyimbo, akaja kwenye kabichi. Mwishoni akatangaza, kwa Kiswahili chake cha juu, kwamba mzazi wa kike wa mwanafunzi wa kike aliyeteuliwa ahudhurie mbele ya Mchungaji siku ya Alhamisi bila kukosa. Hakumtaja Rebeka, maana angelazimika kumtaja na mama yake, na mkwe hamtaji mama mkwe hadharani. Wote tulijua ni nani. Hatukuwa na msichana mwingine.

Wote tulijua, isipokuwa mwenyewe. Kila Jumapili mama mjane alitoka kwa mlango wa pembeni mara tu baada ya baraka, akajifunika kanga, akateremka kilima upesi, kwa sababu mkwe wake alikuwa karibu kusimama mbele ya watu na kufungua mdomo. Mwaka mzima hakuwahi kusikia hata neno moja la habari za darasa la sita. Watu walimwona akiondoka, wakamsifu kwa heshima yake.

Na hakuna aliyemfuata kumwambia. Ungemwuliza mtu yeyote wa pale siku ile, angekushangaa. Mama mkwe wa Mwalimu aambiwe na nani tena? Mambo ya darasa la sita si yanalala nyumbani kwao? Mama Yohana alisema hivyo hasa: "Wale walishaambiana, sisi tunapewa makombo." Lakini mke wa Mwalimu alikuwa Chitete tangu mwezi uliopita, kwenye msiba wa shangazi wa mumewe, na alikuwa bado huko.

Rebeka mwenyewe alisubiri. Mwalimu alimwambia darasani, "Mzazi wako amekwisha kujulishwa," naye akaamini. Jioni alimtazama mama yake akipepeta ulezi, akangoja aseme. Mama hakusema. Msichana wa kwetu hamwulizi mama yake kama ameamua kumwoza au la. Anatulia, anasoma uso. Rebeka alisoma ule uso siku tatu na akaona kwamba jibu ni hapana. Na mama, kama alivyokuja kueleza baadaye, alikuwa akimtazama binti yake aliyekosa raha, akasema moyoni: maskini mwanangu, hakuchaguliwa, nisimtoneshe kidonda.

Alhamisi ilipita. Ijumaa lori lilisimama, likaondoka. Tulikuwa uwanjani, tukaliangalia mpaka vumbi likatua. Rebeka aliangalia pia, kisha akaenda kumwagilia kabichi, kwa kuwa ilikuwa zamu yake.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuwa na habari nzito. "Wapendwa wazazi, yuko mzazi mmoja, simtaji, ambaye amemnyima mwanawe nuru. Alijulishwa. Wote mmenisikia nikijulisha. Lakini wazazi wengine mioyo yao ni migumu." Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Bondeni, mama mjane alikuwa anafika mlangoni kwake, kanga kichwani, ameshika heshima ya mkwe wake mpaka hatua ya mwisho.

Mke wa Mwalimu aliporudi kutoka Chitete, mahari ya Rebeka ilikuwa imekwisha kupokelewa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Tunduma. Alimwuliza mama yake, nasi majirani tulisikia kupitia uzio: "Mama, kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

Tulisikia mchi ukianguka.

Mwalimu hakukiri kosa, kwa sababu, kwa hesabu zake, kosa halikuwapo. Nilimsikia akimweleza Mchungaji, akamweleza mwalimu mkuu, akamweleza na baba yangu: "Nilitangaza. Ningefanyaje? Yule ni mama mkwe wangu." Alilisema kwa unyonge wa mtu aliyefungwa mikono na mila, yeye ambaye mila hiyohiyo haikuwahi kumnyima chakula cha jioni. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwalimu, njaa yako ina akili kuliko wewe." Nadhani hiyo ndiyo ripoti pekee ya kweli iliyowahi kutolewa kuhusu darasa la sita.

Aliendelea miaka mingine mingi kwenye ile ngazi. Soksi zilibadilika, mwavuli ulibadilika, watoto wa wale watoto waliingia katika hali ya maendeleo. Mimi nilirithi kahawa ya baba. Yohana alivuka mpaka akaenda migodini. Rebeka nilimkuta Tunduma mara kadhaa nikipeleka mahindi. Alikuwa dukani kwa mumewe, akipima chumvi na sukari, akiongea Kibemba na wateja wa ng'ambo kana kwamba amezaliwa nacho, akijumlisha kichwani kabla mumewe hajanyoosha kidole cha kwanza. Alikuwa na binti shuleni kule Chapwa. Watu waliniambia kwamba kila wiki alifunga duka, akaenda mpaka mlango wa darasa, akasimama hapo. Walimu walimwogopa. "Sitaki maendeleo," aliwaambia. "Nionyeshe anachojua na asichojua."

Mara ya mwisho niliyokaa na Mwalimu ilikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake. Alikuwa amestaafu. Mama alikuwa mzee sana, hatoki kitandani ila kwa kushikwa, na alikuwa amepeleka neno kwamba hataki kufa kabla hajamtazama mkwe wake usoni. Basi hatimaye jembe lilikuja, jipya, na blanketi la kijivu. Niliitwa kuwa shahidi kwa kuwa ni jirani. Rebeka alikuja kutoka Tunduma, akamkalisha mama yake kwenye mkeka, akamwegemeza ukutani, akakaa nyuma yake.

Mwalimu aliingia bila viatu. Aliweka jembe chini, akaweka blanketi juu yake, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa chini ya paa lile. Wazee wakasema maneno yanayosemwa. Kisha mama akainua kichwa, akamtazama usoni mkwe wake, naye akamtazama.

Alikohoa. Mkono ulishuka kutafuta soksi, haukuzikuta. "Mpendwa mzazi," alianza.

"Ngoja," mama alisema. "Mimi nina swali. Nimekaa nalo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu mwanangu. Alipokuwa kwako darasani. Alikuwa anajua?"

Mwalimu alimwangalia Rebeka. Nilimjua mtu yule kwa miaka mingi, nikaona sentensi yake ikija mpaka midomoni. Kidole kiliinuka kuandika hewani. Halafu kikashuka.

"Alikuwa anajua, mama," alisema. "Kuliko wote niliowafundisha."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Nje kuku walikuwa wakiparura majivu.

"Nilifungwa na heshima," Mwalimu aliongeza, kwa sauti yake ya zamani. "Mama, ningekuambiaje?"

"Mbuzi alikuwepo," mama alisema.